Mabomu Juu, Vichekesho Chini

Jumapili ya tarehe 3 Septemba 1939, saa tano na robo asubuhi, Waziri Mkuu Neville Chamberlain alitangaza redioni kwamba Uingereza imeingia vitani na Ujerumani. Siku hiyohiyo serikali yake ikaamuru kumbi zote za maonyesho na sinema zifungwe, nchi nzima. Hofu yao ilikuwa na maana: bomu moja likitua juu ya ukumbi uliojaa watu, mtaa mzima unazika. Bernard Shaw, mtunzi wa tamthilia, wakati huo mzee wa miaka 83, hakukubali. Aliliandikia gazeti la The Times kwamba huo ni upumbavu wa kiwango cha juu, na kwamba watu wa jukwaani waachwe wafanye kazi yao kwa sababu askari watakaorudi likizo ndio watakaowahitaji kuliko wote. Wiki mbili hazikuisha, kumbi zikaanza kufunguliwa.

Nakisoma kisa hiki kwa kicheko cha mtu aliyewahi kufungiwa. Machi 2020, mikusanyiko ilipozuiwa kwa ajili ya korona, sisi washereheshaji wa Tanga tulikuwa wa kwanza kurudi barazani na wa mwisho kukumbukwa. Nilikuwa na spika mbili kubwa sebuleni zimefunikwa kanga, wanangu wanazitumia kama meza ya kufanyia hesabu. Mtu hajui kazi yake ina uzito gani mpaka aambiwe si ya lazima.

Basi, habari za Uingereza ya vita zilinijia hivi. Dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, ni muuguzi Liverpool. Anapenda kuzunguka kwenye masoko ya vitu vya zamani, na anajua udhaifu wangu. Akanitumia kwa simu picha za programu ya maonyesho ya miaka ile ya vita, kutoka ukumbi mmoja wa mjini kwao. Ni karatasi moja tu, nyembamba, imekunjwa mara moja, maana karatasi nayo ilikuwa bidhaa ya kubanwa. Ndani kuna orodha ya namba: bendi inafungua, wanafuata wasichana wa kucheza, anakuja mchekeshaji, kisha mtu wa kurusha visahani, mwimbaji, mazingaombwe, mapumziko, na wanaanza tena. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna tangazo: king'ora cha ndege za adui kikilia, watazamaji watajulishwa kutoka jukwaani; anayetaka kuondoka aondoke kwa utaratibu; maonyesho yataendelea.

Maonyesho yataendelea! Nililisoma tangazo hilo mara nyingi kuliko programu yenyewe.

Waliokulia miaka ya themanini na tisini hawatapata tabu kuelewa ni onyesho la aina gani. Ndiyo ileile waliyokuwa wakituletea vikundi vya sanaa vya Muungano, na baadaye TOT ya Kapteni Komba: usiku mmoja, tiketi moja, unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo na taarabu ya kufungia. Kama hukupenda kitu kimoja, subiri, kinakuja kingine. Waingereza walikuwa na mfumo huo tangu enzi za babu zao, wakaujengea kumbi kubwa za dhahabu na velveti nyekundu, na makampuni yaliyomiliki kumbi katika miji kadhaa. Kubwa kuliko yote lilikuwa Moss Empires. Ukumbi wao wa Liverpool, Empire, upo mtaa wa Lime Street karibu na stesheni ya reli. Jengo la sasa lilifunguliwa 1925 na linachukua watu zaidi ya 2,000.

Sasa nitaongea kama fundi, mnivumilie. Kilichonikamata hasa ni mpangilio.

Kila onyesho lilikuwa na zamu zilizopewa namba, na pembeni mwa jukwaa kulikuwa na ubao wa taa unaowasha namba ya zamu inayokuja, ili mtu mwenye programu mkononi ajue nani anaingia. Wa kwanza kupanda jukwaani hakuwa mtu wa maneno. Walikuwa wacheza densi au wanasarakasi, kwa sababu watu bado wanaingia, wanakanyagana vidole, wanatafuta viti. Nani atasikia utani hapo? Nyota wa usiku, yule ambaye jina lake limeandikwa juu kabisa ya bango kwa herufi kubwa kuliko zote, hakuwekwa mwisho. Aliwekwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa tena mtu asiyehitaji kusikilizwa, mwendesha baiskeli ya gurudumu moja au mfano wake, kwa sababu watu wameshaanza kuinuka kuwahi tramu.

Hilo la nyota kutokuwa wa mwisho nimelifuata tangu hapo. Harusi za kwetu tunaweka zawadi mwishoni kabisa, saa saba za usiku, mashangazi wamesinzia na vijora vyao magotini, halafu tunashangaa mbona bahasha zinakuja bila vigelegele.

Kuna jambo jingine. Mchekeshaji mara nyingi alisimama mbele ya pazia lililochorwa, karibu kabisa na watu, peke yake. Nilidhani ni heshima anapewa. Kumbe nyuma ya pazia lile wanaume wanasukuma piano, wanafunga kamba za wanasarakasi, wanafagia unga wa mchezaji aliyetangulia. Mchekeshaji anafanya watu wacheke huku anaziba kelele. Dakika zake zikiisha na piano haijafika mahali pake, anaongeza. Mshereheshaji yeyote aliyewahi kuambiwa sikioni "kaka vuta muda, pilau halijashuka" anamjua mtu huyo kama ndugu wa tumbo moja.

Na Jumatatu zao nazipenda. Msanii alifanya kazi wiki nzima katika mji mmoja, Jumatatu hadi Jumamosi, maonyesho mawili kila jioni, la kwanza mnamo saa kumi na mbili na la pili mnamo saa mbili na nusu. Jumapili anapanda treni kwenda mji mwingine. Jumatatu asubuhi kuna mazoezi na bendi ya ukumbi, bendi ambayo haijawahi kumsikia. Basi kila msanii akifika anaweka manoti yake chini, ukingoni mwa jukwaa, yakijipanga mstari. Aliyetangulia kuweka ndiye anayetangulia kufanya mazoezi. Hata uwe nyota wa nchi nzima, ukichelewa treni, utamngoja msichana wa densi ambaye jina lake kwenye bango linahitaji miwani. Nimeona wanamuziki wa mjini petu wakikunjana mashati ya nani ajaribu sauti kwanza. Manoti chini, jamani. Foleni ya makaratasi haigombani.

Vita ikaja ikaugusa kila uzi wa utaratibu huo. Vijana wakaitwa jeshini, wakabaki wazee na wasichana. Treni za Jumapili zikajaa askari na kuchelewa masaa. Mwaka 1940 majina ya stesheni yaliondolewa ili adui akishuka kwa mwavuli asijue alipo, na nje ni giza la lazima, hakuna taa ya mtaani wala dirisha linalopitisha mwanga. Msanii anahesabu vituo kwa vidole asishukie mji usio wake. Chakula cha mgao kilianza Januari 1940. Nguo nazo zikaingia kwenye mgao Juni 1941, na hebu fikiria kazi ya kuvalisha wasichana kumi na wawili sare za kumetameta katika hali hiyo. Mtu akipanga chumba kwa wiki, kitabu chake cha mgao kinakwenda kwa mama mwenye nyumba, naye ndiye anayejua siagi yako imeishia wapi.

Liverpool ilipigwa vibaya. Ilikuwa bandari ya magharibi, ndiyo iliyopokea meli za kutoka Marekani zilizobeba chakula na silaha, kwa hiyo Wajerumani waliitafuta kwa makusudi. Sisi wa Tanga tunaojua mji ukiwa bandari maana yake nini tunaweza kuelewa: gati likipigwa, kila nyumba inajua. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1940, bomu lilipiga shule ya Durning Road ambako watu walikuwa wamejificha chini, walikufa 166. Wiki ya kwanza ya Mei 1941 ndege zilirudi usiku baada ya usiku, na waliokufa walipita 1,700. Meli Malakand, iliyokuwa imesheheni mabomu, ililipuka ikiwa gatini Huskisson. Kumbi nazo hazikusalimika. Rotunda, ukumbi wa watu wa kawaida kule Scotland Road, uliteketea Septemba 1940 na haukujengwa tena.

Na bado watu walikata tiketi. Muda wa maonyesho ulirudishwa nyuma ili watu wafike nyumbani kabla ndege hazijaja. King'ora kikilia katikati, meneja anapanda jukwaani, anatangaza, anasubiri wachache waondoke, kisha anampa ishara kiongozi wa bendi. Pengine mashambulizi yalikuwa makali kiasi kwamba onyesho likiisha hakuna wa kutoka nje. Hapo ndipo wasanii walirudi jukwaani nje ya programu, wakaimba na watazamaji, mtu wa mazingaombwe akarudia vitu vyake, mchekeshaji akakomba hazina yake yote mpaka king'ora cha salama.

Nisijilinganishe nao, lakini kuna usiku mmoja ukumbini Chumbageni umeme ulikatika maharusi ndio kwanza wameketi. Jenereta lilikuwepo, petroli haikuwepo, na kijana aliyetumwa kuifuata alipanda baiskeli akatokomea. Giza totoro, watu mia tatu, joto la Februari. Ukinyamaza dakika mbili katika hali ile, watoto wanaanza kulia, wanaume wanaanza kutoka nje kuvuta sigara, na sherehe imekufa. Sikuwa na kipaza sauti. Nilichofanya ni kuwapa kazi: upande wa bibi harusi waanze wimbo, upande wa bwana harusi wajibu, atakayeshindwa anaosha sufuria. Bibi mmoja wa Kidigo alisimama na wimbo wa unyago ambao nusu ya wanaume walijifanya hawauelewi. Taa ziliporudi watu waliguna! Walitaka giza liendelee. Tangu siku ile naelewa kwa nini watu wa Liverpool waliimba chini ya mabomu, na sidhani ilikuwa ushujaa tu kama wanavyopenda kusimulia. Mtu aliyepewa wimbo wa kuimba ana shughuli. Asiye na shughuli ndiye anayesikiliza ndege.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema watu walikwenda kwenye vichekesho wasahau vita. Hawakusahau kitu. Walikwenda kuicheka.

Mtazame Robb Wilton, mtoto wa Everton, Liverpool, mzaliwa wa 1881. Wakati wa vita alikuwa karibu miaka sitini, mnene, uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa na kazi yake maarufu ya kusimulia siku vita ilipoanza: mkewe amemkabili anamuuliza, wewe una faida gani? Naye anaeleza, polepole, anajipapasa uso kwa kiganja, anauma kidole, jinsi alivyojiunga na mgambo wa mtaa, yeye na wazee wenzake wachache, waizuie Ujerumani. Hakuna tusi kwa Hitler humo. Kuna mzee anayedharauliwa nyumbani kwake. Wanaume wangapi ukumbini walikuwa wameulizwa swali hilo hilo jioni ileile kabla ya kutoka?

Au Tommy Handley, mzaliwa wa Toxteth, Liverpool, 1892. Huyu alitoka jukwaani akahamia redioni na kipindi cha ITMA kilichoanza Julai 1939. Vita ilipoanza BBC iliwahamishia watu wake wa burudani Bristol, na mabomu yalipowafuata huko ikawapeleka Bangor, mji mdogo wa Wales kaskazini, mwaka 1941. Kwa hiyo taifa zima lilikuwa linachekeshwa kutoka mahali ambapo wengi wasingeweza kupaonyesha kwenye ramani. Na Handley alijipa cheo gani? Waziri wa Kero na Mafumbo. Waziri! Nchi iko vitani, serikali inatoa amri mpya kila kukicha, fomu za kujaza, vitabu vya mgao, ofisi juu ya ofisi, na kila wiki mtu mmoja redioni anaigiza waziri ambaye wizara yake kazi yake ni kuwasumbua wananchi. Hakufungwa. Mamilioni walimsikiliza.

Katika kipindi hicho alikuwemo jasusi wa Kijerumani aitwaye Funf, anayepiga simu na sauti ya kutisha. Mwigizaji Jack Train aliipata sauti ile kwa kusemea ndani ya glasi tupu. Nililisoma hilo usiku, nikaenda jikoni. Glasi ya chai, ile ndogo ya kiuno, haifai, sauti inatoka nyembamba. Glasi ya maji inafaa zaidi. Ukiibana mdomoni mpaka iguse mashavu, sauti inarudi na mwangwi kama mtu yuko handakini. Ukiiachia upenyo kidogo upande wa chini, inakuwa ya puani, mbaya zaidi. Nikampigia simu mke wangu aliyekuwa chumbani. Alichojibu hakiandikiki, lakini alicheka. Wakati ule nchi nzima ilikuwa ikifanya hivyo, watu wakipokea simu wanajiita Funf. Jasusi wa adui, kitu ambacho mabango ya serikali yaliwaambia wakiogope kila kona, amegeuka mzaha wa kuchezea simu.

London nitaipitia haraka, maana imeshasimuliwa sana. Kulikuwa na ukumbi wa Windmill uliojigamba kwamba haukufungwa kamwe, ukiacha zile siku za amri ya mwanzo, na ambako sheria iliruhusu wasichana kusimama bila nguo ili mradi wasitikisike hata ukope. Shangazi akisoma hapa nitasema ni sanamu. Kulikuwa pia na ENSA, shirika lililoundwa 1939 chini ya Basil Dean kupeleka burudani kambini na viwandani. Askari wenyewe waliligeuza herufi zake kuwa matani kwamba kila usiku kuna kitu kibovu.

Kuna mambo mawili lakini siwezi kuyapita haraka. La kwanza ni Ken Johnson, kijana mweusi kutoka Guyana ya Waingereza, kiongozi wa bendi ya wanamuziki ambao wengi walitoka visiwa vya Karibi, mrefu, anacheza kwa ulaini hata wakamwita jina la nyoka. Usiku wa tarehe 8 Machi 1941 alikuwa akipiga Café de Paris, ukumbi wa chini ya ardhi uliojitangaza kuwa salama kuliko yote London. Bomu liliingia kwa tundu la kupitishia hewa likalipukia mbele ya bendi. Alikufa akiwa na miaka 26. Kumbi nyingi za nchi ile zisingemruhusu kuketi kama mteja.

La pili ni kwamba kwenye jukwaa lilelile la vichekesho walikuwepo wazungu waliojipaka masizi usoni wakaimba kama watu weusi, na G. H. Elliott alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo miaka mingi kabla ya vita na baadaye. Nikiwa nimekaa nawasifia Waingereza kwa kuwacheka mawaziri wao, nakumbuka pia kwamba walikuwa wakitucheka sisi, tena bila kutuona. Sijui kama dada yangu aliitazama vizuri programu aliyonitumia. Namba ya saba ni mtu wa namna hiyo. Sikumwambia. Sikuifuta picha.

Na wakati wanafanya hivyo, watu wetu walikuwa wapi? Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, 1944, bonde la Kabaw, mvua, matope, ruba. Alikuwa hasimulii mapigano. Alichosimulia ni kwamba jioni moja, nyuma ya mstari wa mbele, waliwekewa wanamuziki wao wenyewe wa Kiafrika, gitaa na ngoma, wakaimba kwa Kiswahili, na askari mmoja wa kutoka bara aliyekuwa hajasema neno siku nyingi akasimama akacheza peke yake. Kikosi cha burudani cha Keya kilikuwepo kweli. Fundi Konde, mpiga gitaa wa Mombasa, alikuwa mmoja wao. Huku nyumbani, Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, mkonge wa Tanga ukawa lulu, na watu walikusanywa kwa lazima kwenda mashambani kuukata. Na Shaaban Robert wetu wa Vibambani aliiandikia vita ile utenzi mrefu, Hitler na wenzake ndani ya vina vya Kiswahili.

Wazee wa pwani walishalijua jambo hili kabla, vita ya kwanza ile, ile iliyotuletea risasi na nyuki hapa Tanga Novemba 1914. Wakati ule burudani kubwa ilikuwa beni. Marini upande huu, Arinoti upande ule, kila chama na wafalme wake, majenerali wake, mavazi ya kijeshi, gwaride, tarumbeta na nyimbo za kupigana vijembe. Mkoloni alikuwa na jeshi la kweli. Wao walijiundia lao na vyeo vikubwa kuliko vyake, wakaliandamanisha mitaani. Mtu anayekuamuru kutwa, jioni umemvaa. Handley na uwaziri wake angeketi na watu wale wakaelewana bila mkalimani.

Hata sisi wa baada ya uhuru tunayo ya kwetu. Baada ya vita vya Kagera kuisha 1979 tuliambiwa tukaze mikanda, na mikanda ikakazwa mpaka ikakosa matundu. Sukari, sabuni, unga, khanga, vyote kwa foleni. Maduka ya kaya. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa vitenge porini usiku. Na redioni Pwagu na Pwaguzi, na majukwaani vichekesho vya foleni vikawa vingi kuliko foleni zenyewe.

Nilikwenda kumuuliza shangazi yangu Makorora kama anavikumbuka. Nilimkuta anapepeta mchele, nikampa shikamoo, nikamweleza habari za Waingereza na mabomu. Hakushangaa sana. Akaniuliza tu kama walikuwa wanapewa chai ukumbini. Kisha akasema, "Mwanangu, kipo kimoja walituletea kundi kutoka Dar, mimi nilikuwa na mimba ya dada yako, nilicheka mpaka mama akanitoa nje akihofia nitazalia pale."

Kichekesho chenyewe ni hiki. Bwana mmoja anapita mjini anaona foleni ndefu. Hajui kinauzwa nini, lakini siku zile huulizi, unajipanga kwanza. Anasimama jua linampiga, anasogea, anasogea, anafika dirishani. Karani anamwambia, "Ndugu, leo yamekuja majeneza."

Bwana anafikiri. Anahesabu hela yake. "Nipe mawili. Nani ajuaye lini yatapatikana tena?"

Shangazi hapo alikuwa ameshauweka ungo chini, anajipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Lakini si yeye aliyenimaliza," akasema. "Ni yule mzee wa nyuma yake kwenye foleni. Alimshika bega, amekasirika kweli: Ndugu yangu, acha tamaa! Chukua moja! Na sisi wengine tuna wazee nyumbani!"